Ploti Imepigwa Mnada, Wapangaji Wako Ndani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Roysambu

Benki inapouza jengo kwa mnada, mazungumzo yote huwa ya mwenye nyumba: deni lake, hatimiliki yake, namna alivyofika hapo. Wapangaji hukumbukwa siku dalali anapobandika karatasi kwenye geti. Kisa tunachochambua hapa ni cha mfano, lakini hatua zake ndizo zinazofuatwa nchini Kenya chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012 na Kanuni za Madalali za 1997. Mpangaji hatupwi nje haraka kama anavyoogopa. Kinachomponyoka mapema ni pesa, na huanza kumponyoka miezi kadhaa kabla hajasikia neno mnada.

Ploti na watu wake

Tuchukue jengo la ghorofa nne Roysambu, Nairobi: nyumba 16 za chumba kimoja cha kulala, kila moja Sh18,000 kwa mwezi, na duka la dawa chini linalolipa Sh45,000. Mwenye nyumba alikopa pesa za kumalizia ujenzi, na rehani ya benki ikasajiliwa mwaka 2019. Wapangaji wote waliopo waliingia baada ya hapo.

Aliyeko nyumba nambari 7 aliingia Februari 2022 kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alitoa dipositi ya Sh18,000, na Sh2,500 nyingine ya maji na stima. Mkataba ulipokwisha Februari 2023 hakuna aliyekumbuka kuandika mwingine. Kodi iliendelea kuingia kila tarehe 5 kama kawaida. Kisheria amekuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi kinasema upangaji wa namna hiyo humalizwa kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, yaani mwezi mmoja.

Nambari 12 alifanya jambo ambalo lilionekana la busara. Aprili 2023 mwenye nyumba alimwomba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akampunguzia asilimia 10. Badala ya Sh108,000 akalipa Sh97,200, akarudi nyumbani akifurahi.

Mwenye duka la dawa ana karatasi nzito kuliko wote: mkataba wa miaka 5 na miezi 3, umepigwa mhuri wa wakili. Tutamrudia mwishoni, maana karatasi hiyo haimlindi kama anavyodhani.

Kalenda ya deni

Watu husema "benki imekuja ghafla." Hakuna mnada halali wa ghafla. Hebu tuhesabu.

Mwenye nyumba anakosa kulipa awamu ya Januari 2023. Kwa mujibu wa kifungu cha 90, benki haiwezi kutoa notisi mpaka kosa hilo lidumu mwezi mmoja. Tarehe 10 Februari anapokea notisi ya kwanza: deni ni kiasi gani, na ana muda usiopungua miezi mitatu kulilipa. Muda unaisha 10 Mei. Tarehe 15 Mei benki inatoa notisi ya pili, ya kuuza, chini ya kifungu cha 96. Hii ni ya siku 40, inaisha 24 Juni. Tarehe 26 Juni dalali anampa notisi yake ya siku 45 ya kukomboa mali, inayoisha 10 Agosti. Tangazo la gazeti linatoka 14 Agosti, na mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Nyundo inagongwa 30 Agosti.

Kuanzia awamu ya kwanza iliyokosekana hadi nyundo ni karibu miezi minane, na hapo benki imekwenda mbio. Mwenye nyumba akikimbilia mahakamani na kupata zuio la muda, ongeza miezi, pengine miaka.

Sasa angalia wapangaji walijua habari za mnada lini: 14 Agosti, kutoka kwenye geti. Lakini kifungu cha 96 kinataka nakala ya ile notisi ya siku 40 ipewe pia mpangaji wa ardhi iliyowekwa rehani au wa jengo lililo juu yake, na ibandikwe mahali pa wazi kwenye ardhi hiyo au karibu nayo. Walipaswa kujua Mei. Kilichotokea ni cha kawaida sana: karatasi ilibandikwa, mlinzi akaambiwa aibandue kabla watu hawajarudi kutoka kazini.

Je, kutopewa nakala kunaweza kuvunja mnada? Kabla ya nyundo ni hoja ya kupeleka kortini. Baada ya mauzo, kifungu cha 99 humlinda mnunuzi, na aliyeumizwa na uuzaji wenye kasoro hubaki na dai la fidia dhidi ya aliyeuza. Kwa mtu wa kodi ya Sh18,000, kesi ya fidia dhidi ya benki mara nyingi haina hesabu nzuri. Kwa hiyo faida ya notisi hiyo ni muda tu: siku 40 za kujipanga ambazo hakuna aliyewapa.

Dalili zilikuwapo hata bila notisi. Machi mtathmini alipita akipima korido na kupiga picha paa. Mlinzi alikuwa hajalipwa. Halafu likaja lile ombi la kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba mwenye afya ya kifedha hana sababu ya kukupunguzia asilimia 10 ili apate pesa leo. Ukisikia ombi hilo, fanya sachi ya ardhi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa ardhi, au katika ofisi ya usajili wa ardhi kama hatimiliki bado haijaingizwa kwenye mfumo huo. Unachohitaji ni nambari ya hatimiliki ya ploti. Majibu yatakuonyesha kama kuna rehani, ya nani, ya kiasi gani na ilisajiliwa lini. Rehani peke yake si habari mbaya, maana majengo mengi ya kupangisha yamejengwa kwa mkopo. Rehani pamoja na dalili hizo ndiyo habari.

Barua mbili, kodi moja

Tarehe 29 Mei kila mlango ulisukumiwa barua. Benki inasema: kuanzia sasa kodi ilipwe kwenye akaunti hii, si kwa mwenye nyumba. Jioni mwenye nyumba akatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ploti: msijali, hiyo ni kesi iko kortini, lipeni kama kawaida kwenye Paybill yangu.

Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu hudhani barua ya benki ni vitisho tu kabla ya mnada. Sivyo. Muda wa notisi ya kwanza ukishapita, kifungu cha 94 kinairuhusu benki kuchukua umiliki wa muda wa mali bila kuvunja mlango wowote: inawapa wapangaji notisi rasmi kwamba kodi iliyokuwa ya mwenye nyumba sasa ni yake. Njia nyingine, chini ya kifungu cha 92, ni kumteua mrasimu wa kukusanya mapato ya jengo. Zote mbili zinaweza kutokea kabla ya mnada, na hata bila mnada kabisa.

Nambari 7 alimsikiliza mwenye nyumba, akalipa Juni na Julai kwenye Paybill. Agosti, alipoona tangazo, akahamia benki. Benki ikamdai Sh36,000 za Juni na Julai. Risiti za M-Pesa anazo, lakini zinathibitisha tu kwamba alimlipa mtu ambaye, baada ya notisi, hakuwa tena wa kulipwa. Anachoweza ni kumdai mwenye nyumba arudishe, na mtu anayepigiwa mnada si mdaiwa wa kutegemea.

Nambari 12 ana tatizo gumu zaidi. Alilipa Aprili, kabla ya barua yoyote, kwa hiyo anadhani yuko salama hadi mwisho wa kipindi chake. Benki inaweza kumjibu kwamba kodi iliyolipwa kabla ya tarehe yake si kodi bado, ni kama mkopo kwa mwenye nyumba, na kwamba kodi ya Juni ilipofika tarehe ya kulipwa mpokeaji halali alikuwa benki. Hoja hiyo ina mizizi ya zamani katika sheria ya Kiingereza ambayo mahakama za Kenya huirejelea. Inaweza kupingwa, hasa kama mkataba wenyewe unasema kodi hulipwa kila miezi sita. Ujumbe wa simu wa kuomba mkupuo haufanani na mkataba.

Tahadhari ya upande wa pili: matapeli wanaijua njia hii. Barua yenye nembo ya benki huchapwa na yeyote mwenye printa. Usipige simu kwenye nambari iliyo kwenye barua. Chukua nambari kwenye tovuti ya benki au nenda tawini ukaulize kitengo cha madeni. Jina la akaunti liwe la benki yenyewe au la mrasimu aliyetajwa, si la mtu binafsi. Mrasimu akuonyeshe hati ya uteuzi iliyosainiwa na benki. Mwenye nyumba naye akidai kuna amri ya korti, akuletee nakala yenye mhuri, uisome: inamzuia nani, kufanya nini, hadi tarehe gani. Amri inayozuia mnada si lazima izuie benki kukusanya kodi.

Ukibaki huna uhakika, usiache kulipa ukala pesa. Weka kodi kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni, na siku ya kodi waandikie wote wawili kwamba pesa zipo na utamlipa atakayethibitisha haki yake. Mkiwa wengi na kiasi ni kikubwa, Amri ya 34 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai inamruhusu anayeshikilia pesa zinazogombewa na wengine kuiomba mahakama iamue azikabidhi kwa nani. Ushauri wa "msilipe mtu yeyote, kaeni bure" ambao hakosi mmoja wa kuutoa kwenye kundi ni wa hatari. Malimbikizo yatadaiwa na atakayeshinda, na mtu mwenye malimbikizo hana nguvu ya kujadili notisi wala dipositi.

Kati ya nyundo na hatimiliki

Mnunuzi alilipa asilimia 25 siku ya mnada, na salio akapewa siku 90, hadi 28 Novemba. Hayo ndiyo masharti ya kawaida ya minada ya benki. Lakini tarehe 2 Septemba alikuja kwenye ploti na vijana wawili, akatangaza kwamba yeye ndiye mwenye nyumba mpya, kodi ya Septemba aletewe yeye, na wote wahame kufikia mwisho wa mwezi kwa sababu anataka kukarabati.

Siku hiyo alikuwa na mkataba wa mauzo, hana hatimiliki. Haki ya mwenye nyumba wa zamani ya kulikomboa jengo iliisha nyundo ilipogongwa, hilo ni kweli, lakini uhamisho haujasajiliwa na mnunuzi anaweza hata kushindwa kumaliza salio, mnada ukarudiwa. Benki ndiyo iliyokuwa ikipokea kodi kwa notisi ya Mei, na inaendelea hadi itoe barua ya kukabidhi. Jibu sahihi kwake ni la heshima na fupi: lete barua ya benki au ya mawakili wake inayosema kodi ije kwako kuanzia tarehe fulani. Baada ya usajili, sachi mpya itaonyesha jina lake na hapo hakuna ubishi.

Siku ya makabidhiano yenyewe piga picha mita ya maji na mita ya stima, tarehe ionekane. Mita za tokeni mara nyingi zimesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Kukiwa na deni la zamani, mnunuzi na benki watasukumiana, na anayekaa gizani ni wewe.

Notisi ya kuhama

Hapa zile tarehe za mwanzo ndizo zinazoamua. Kifungu cha 98 kinasema mnunuzi akisajiliwa hupata mali ikiwa huru na mizigo (haki za watu wengine juu yake) ambayo rehani iliitangulia, isipokuwa mkataba wa upangaji ambao benki iliuridhia kwa maandishi. Na kifungu cha 88 kinaingiza katika kila rehani sharti kwamba mwenye nyumba asikodishe kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya benki. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: rehani na mkataba wako, kipi kilitangulia? Na benki ilisaini idhini?

Nambari 7 aliingia 2022 na rehani ni ya 2019. Hawezi kumlazimisha mnunuzi amweke mwaka mzima. Lakini kutoweza kukaa milele si sawa na kutupwa nje kesho. Mnunuzi akimtambua kuwa mpangaji, kwa mfano kwa kupokea kodi yake ya Desemba, anadaiwa notisi ya mwezi mmoja. Akikataa kumtambua na kumwita mtu aliyeko kwenye ardhi yake bila ridhaa, basi kifungu cha 152E, kilichoongezwa mwaka 2016, kinadai notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumtoa. Mawakili wa wanunuzi wanaijua hesabu hii, ndiyo maana mnunuzi aliyeshauriwa vizuri hupokea kodi kwanza kisha hutoa notisi ya mwezi.

Kubadilisha kufuli, kung'oa mlango, kukata maji ili watu wachoke: hakuna linaloruhusiwa bila amri ya mahakama, na dalali anayetaka kuvunja mlango anahitaji kwanza kibali cha korti cha kusaidiwa na polisi. Wakifika, omba kuona amri, soma nambari ya kesi na majina ya waliotajwa. Amri dhidi ya mwenye nyumba wa zamani haiwi amri dhidi yako kwa sababu tu unaishi kwenye jengo lake.

Wapangaji wawili wa ploti yetu walikimbilia Baraza la Kudhibiti Kodi wakarudi mikono mitupu. Sheria yake, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kwa Sh18,000, mlango ni mahakama.

Dipositi

Dipositi haimfuati mnunuzi. Aliipokea mwenye nyumba wa zamani na deni ni lake, isipokuwa mnunuzi akubali kwa maandishi au apewe pesa hizo. Jaribuni kwanza kumwomba mnunuzi aitambue kama sehemu ya mazungumzo ya kubaki au kuhama. Anayetaka jengo liwe tupu bila kwenda kortini mara nyingi huona afadhali kumrudishia mtu Sh18,000 kuliko kusubiri miezi.

Ile njia maarufu ya kukaa mwezi wa mwisho na kusema "malizia na dipositi" ina wakati wake. Kabla ya barua ya benki, na mwenye nyumba akikubali kwa maandishi, ni njia nzuri kabisa. Kwa kweli ndiyo bora kuliko zote. Baada ya barua, benki haidaiwi dipositi hiyo na itauhesabu mwezi huo kuwa haujalipwa.

Kinachobaki ni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, yakiwemo ya pesa ambazo mtu mwingine anashikilia, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu kufungua dai. Nambari 7 anadai Sh18,000 na Sh2,500 za dipositi, na zile Sh36,000 za Juni na Julai ikiwa amezilipa mara ya pili benki. Jumla Sh56,500. Apeleke mkataba, taarifa ya M-Pesa iliyopakuliwa rasmi badala ya picha za skrini, barua ya benki ya 29 Mei, na ule ujumbe wa WhatsApp wa "lipeni kama kawaida", ambao sasa unamgeukia aliyeuandika.

Asichelewe. Benki ikishajilipa deni, riba na gharama za mnada, kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Jengo likiwa limeuzwa zaidi ya deni, kuna pesa zake benki kwa muda. Mwenye hukumu mkononi wakati huo anaweza kuiomba mahakama iziamuru zilipwe kwake moja kwa moja. Anayefungua dai mwaka unaofuata atakuta hazipo.

Duka la dawa

Mikataba ya biashara Kenya huandikwa miaka 5 na miezi 3 kwa sababu moja: Sura ya 301 ya Sheria za Kenya inawalinda wapangaji wa maduka wasio na mkataba wa maandishi au wenye mkataba usiozidi miaka mitano, na wenye nyumba hukwepa ulinzi huo kwa kuvuka kidogo. Mwenye duka alidhani urefu ni usalama. Lakini mkataba wa muda huo ulihitaji idhini ya benki na ulipaswa kusajiliwa, na hakuna kilichofanyika. Kwa mnunuzi, karatasi hiyo haina nguvu.

Kinachoweza kumwokoa ni kinyume chake: aonyeshe kwamba mkataba mrefu haukuwahi kukamilika, kwa hiyo alichokuwa nacho ni upangaji wa kila mwezi, ambao ni upangaji unaolindwa na Sura ya 301. Hoja hiyo ikikubaliwa, mnunuzi hawezi kumtoa ila kwa notisi ya fomu maalumu isiyopungua miezi miwili, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria, na mwenye duka ana haki ya kuipinga mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Kazi ya kwanza kwake ni kupeleka lalamiko pale kabla notisi haijaiva, akiwa na risiti za kila mwezi alizolipa, na malipo ya Septemba hadi Novemba yakionyesha waziwazi yalikwenda kwa benki.